Boti Iliyopanda Kamachumu

Kibanjani kwetu Kamachumu, ukishapita mibuni na kabla hujafika choo cha zamani, palikuwa na boti. Sisemi mtumbwi. Nasema boti hasa, ya faiba, yenye kioo mbele, usukani wa duara kama wa gari, viti vya kukalia watu wazima, na injini nyuma iliyovishwa gunia la kahawa. Mgeni akija mara ya kwanza alikuwa anasimama, anaitazama, anageuka huku na huku kutafuta maji, halafu ananitazama mimi. Nilikuwa namwambia, "Usiniangalie, sikuyanywa mimi."

Maana ziwa haliko pale. Kutoka kwetu mpaka mwaloni, boti zinakotia nanga, ni kuteremka mlima wote na kona zake, na hata ukipanda juu ya paa la nyumba huoni maji, unaona migomba ya jirani. Sisi ni watu wa kahawa na ndizi. Ziwa tunakutana nalo kwenye sahani.

Baba ndiye aliyetuharibia ukoo. Wenzake walirithi migomba wakatulia. Yeye akashuka mwaloni kununua samaki, akapapenda, akahamia visiwani pamoja na wavuvi waliotoka kila upande wa nchi. Alianza na mtumbwi wa makasia, akapanda cheo mpaka akamiliki ile boti. Nyumbani tulimwona Krismasi, Pasaka na msimu wa kahawa. Mama akimuuliza kwa nini haji hata Jumapili moja moja, jibu lilikuwa ni lile lile: "Ziwani ni mbali, mama watoto." Mbali kiasi gani? "Mbali. Unatoka asubuhi, jua linakuzamia njiani." Mimi na mdogo wangu tulikua tukiamini kwamba baba yetu anafanya kazi mwisho wa dunia, kule mvua inakotoka.

Halafu kifua kikaanza kumsumbua, akarudi nyumbani moja kwa moja. Boti hakuiacha. Alisema wezi wa injini wakisikia mwenye mali anaumwa, hawasubiri hata azikwe. Akaipandisha juu ya lori la kahawa, ikateremshwa kibanjani na wanaume waliokuwa wanacheka mpaka mikono inaishiwa nguvu. Mwaka ule wote jioni alikaa kwenye kiti cha nahodha na redio yake, akitafuna kahawa, na Mama alikaa kiti cha pili akimenya ndizi za kupika. Nilipokwenda kuwaona niliwakuta hivyo, wamekaa bega kwa bega ndani ya chombo kisichokwenda popote. Kisha Baba akafariki, tukamzika pale pale kibanjani, boti ikabaki imemwelekezea mdomo.

Kwa hiyo watu wakiniuliza kwa nini ilikuwa taabu kuamua, boti iuzwe au itengenezwe, nawaambia waulize kwanza Mama alisema nini. Mama alisema: "Katika ndoa yangu yote nimekaa na mume mwaka mmoja, mwaka boti ilipokaa nyumbani. Mkiitoa, mmemtoa na yeye. Siku boti inatoka hapa, na mimi natoka nayo." Tukaona ni maneno ya mama mjane, yatapoa.

Lakini si kwamba aliitunza kama kaburi. Thubutu! Mama yangu anajua lubisi, na pombe yetu ya ndizi haipikwi kwenye sufuria. Inataka mtumbwi mkubwa wa mti uliochongwa, ndizi mbivu zinamwagwa humo pamoja na nyasi, wanaume wananawa miguu wanapanda wanazikanyaga mpaka maji yake yatoke, ndipo unaweka mtama uliokaangwa na kuacha ichachuke. Sasa mtumbwi wa Mama ulipasuka siku chache kabla ya harusi ya jirani, na ndizi zilikuwa zimeshaiva. Ndizi mbivu hazina subira. Mama akasimama mlangoni, akaangalia mtumbwi uliopasuka, akaangalia boti.

Aliisugua kwa maji ya moto na majivu mpaka nzi wakawa wanateleza. Wanaume wakapanda, wakakanyaga, mmoja akiwa ameshika kioo cha mbele asianguke. Tena Mama akagundua jambo lililomfurahisha sana: nyuma ya boti, chini kabisa, kuna tundu lenye kizibo cha chuma, la kutolea maji boti ikiwa nchi kavu. Ukifungua, lubisi inashuka yenyewe kwenye dumu, huinami wala huchoti. Kizibo chenyewe kilipotelea kwenye nyasi siku ile ile. Mama akachukua kigunzi cha hindi, akakizungushia ukambaa wa mgomba, akakigonga kwa jiwe, kikakaa.

Lubisi ya kwanza ilinukia petroli kidogo. Wazee wakaionja, wakatazamana, wakasema mwaka huu Mama ameongeza nguvu. Tangu hapo harusi, kipaimara, matanga, vyote vilitoka botini. Watu hawakusema tena wanakwenda kwetu. Walisema, "Twende botini."

Mimi ni binti wa kwanza. Ninaishi Kashai, Bukoba mjini, nina duka la ndoo na mabeseni. Kwa mila zetu mrithi ni mdogo wangu wa kiume. Kibanja ni chake na boti ni yake. Mimi nilichorithi ni mdomo wa shangazi yangu, na huo hakuna wa kuuuza. Basi siku mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Kimwani, anakolima mpunga, akaniambia, "Dada, nimepata mteja wa boti," mdomo ulifanya kazi yake. Wateja wangu wawili waliokuwa wanapima ndoo walitoka bila kununua.

Yeye alitaka pawatila, katrekta ka mkono ka kulimia mpunga. Kila sentensi aliyotoa iliishia kwenye pawatila. Mimi nilitaka boti itengenezwe, maana siku hizi maharusi wa Bukoba wanataka kupigwa picha majini, bibi harusi ameshika shela, bwana harusi anajifanya hana kichefuchefu. Niliona kabisa boti yetu imefungwa maputo. Nilimwambia mdogo wangu kwamba hana akili ya biashara, akaniambia mimi sijui hata kuogelea, nikamwambia wewe je, akakata simu.

Kwa kawaida siendi Kamachumu ovyo. Mama mwenyewe anajua, Kashai ni mbali na duka halijiuzi lenyewe. Lakini safari hiyo nilifunga, nikapanda gari la asubuhi, nikamkuta mdogo wangu amekwishafika na baba mdogo ameitwa kuongoza kikao.

Sebuleni kulikuwa kumeanikwa kahawa sakafu nzima, na nje mvua ilikuwa inanyesha. Mahali pekee palipokuwa na turubai na viti ni botini. Basi ukoo ukapanda boti. Baba mdogo akachukua kiti cha nahodha kwa kuwa ni mkubwa, akashika usukani kwa kuwa ulikuwa mbele yake, na kuanzia hapo, sijui nani aliamua, ikawa anayetaka kusema lazima apewe usukani. Mdogo wangu akaushika, akaueleza ukoo habari za pawatila huku akiukata kushoto, kushoto, kama anatupeleka Kimwani wote. Ilipofika zamu yangu niliuzungusha kwa hasira mpaka baba mdogo akasema, "Taratibu, mwanangu, utatugonga kwenye mbuni." Na watu wazima wale, haki ya Mungu, wakajishikilia.

Mama hakupanda. Alikaa nje kwenye kigoda, mwavuli begani, anamenya ndizi. Alipoulizwa maoni alisema yale yale: ikitoka, natoka nayo.

Baba mdogo akarudishiwa usukani, akafunga macho muda mrefu hadi tukadhani amelala, kisha akatoa hukumu. "Boti itengenezwe. Ishushwe majini, ijaribiwe. Ikikubali, ndipo tuseme kama inauzwa au inabaki. Ikikataa, ziwa litakuwa limetuamulia." Tukapiga makofi. Nusu saa baadaye ndipo nilipogundua kwamba hakuna alichoamua. Lakini kikao kilikuwa kimeshapoa, kila mtu ana kikombe mkononi, na kuanza upya ingekuwa utovu wa adabu.

Fundi nilimtoa mimi Nyamkazi, Bukoba; zamani alikuwa akitengeneza injini visiwani na alimfahamu Baba. Alijiita daktari wa boti, na miwani ya jua hakuivua hata kwenye kivuli cha migomba. Alifika, akaweka sikio lake ubavuni mwa boti, akagonga, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Imeumia," akasema, "lakini ina moyo." Mdogo wangu akanong'ona kwamba pesa yetu imekwisha. Mimi nilimwamini. Mtu anayeweza kusema hivyo kwa sura kavu lazima amesoma mahali.

Alikaa kwetu muda. Siku za lubisi kazi ilisimama, kwa amri ya Mama. Siku nyingine aliziba nyufa, hata zile ambazo mimi sikuziona na sidhani kama zilikuwepo. Injini aliifunga kwenye pipa la maji katikati ya uwanja, akaivuta kamba, ikakohoa, ikakataa, ikakohoa tena, halafu ikanguruma kwa sauti ambayo Kamachumu haijawahi kuisikia. Kuku walihama. Ng'ombe wa jirani alikata kamba, akaenda kutafutwa upande wa parokia. Mama alisimama jikoni amejishika kifua, na nilipomkaribia nikaona analia. "Ndivyo alivyokuwa anaondoka," akaniambia. "Hivyo hivyo, kwa kelele hizo, nadhani." Hakuwahi kuusikia ule mlio maishani mwake. Nilimshika bega, nikaona aibu kwa ajili ya maputo yangu, lakini kazi ilikuwa imeshafika mbali.

Na kila jioni fundi alichukua kikombe chake, akazunguka nyuma ya boti, akachuchumaa, akakichomoa kigunzi kwa adabu, akajaza, akakirudisha, akakigonga mara mbili kwa kiganja. Sote tulifanya hivyo. Baba mdogo alifanya hivyo akiwa bado anatamka sala ya chakula.

Siku ya mwisho alipaka rangi, buluu chini na nyeupe juu. Mimi nilisimama nyuma yake kusimamia, maana mafundi usipowasimamia wanakimbiza kazi. Nikamwona ameruka kisehemu. "Hapo nyuma chini hujapaka," nikamwambia. Akainama, akapaka. Kigunzi kikawa cha buluu kama upande wote wa chini, hukitambui. Nikamsifu.

Siku ya kushuka lori likaja, wanaume wakaja, boti ikainuliwa kwa nyimbo na kusukumwa juu. Kabla hawajafunga kamba Mama akatoka ndani. Amevaa kitenge cha Jumapili, viatu vya kanisani, rozari shingoni, mwavuli, mkoba, na kibuyu kimoja cha lubisi. Akawaambia vijana wampandishe.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Niliwaambia."

"Mama, ile ilikuwa ni kauli tu!"

"Ya kwako labda. Mimi nikisema, nimesema."

Jamani, tulimbembeleza. Mdogo wangu alipiga magoti. Baba mdogo alimwita kwa jina la ukoo wake, jambo ambalo hulifanya kwenye misiba tu. Mama alikwishakaa kwenye kiti chake kile kile cha pili, pembeni ya kiti cha nahodha kilichokuwa kitupu, akafungua mwavuli. Lori likaondoka naye juu.

Mimi nilikaa mbele na dereva, nikiwa najificha uso. Njia nzima kuteremka watu walisimama. Wengine walidhani ni harusi, bodaboda wakatufuata wanapiga honi. Wengine walidhani ni msiba, wakavua kofia na kupiga ishara ya msalaba. Mzee mmoja alifanya vyote viwili. Mama alikuwa anawapungia mkono wote, kwa upole, kama askofu.

Mwaloni tuliishusha. Mteja wa mdogo wangu alikuwa anasubiri pale, mfanyabiashara wa samaki wa visiwani, mtu mpole mwenye kaptura, aliyekuja kuona kama chombo kinaelea. Boti ikaelea. Wee, nilipiga vigelegele hadi sauti ikakatika! Baba mdogo akasema, "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," akavua viatu vyake, akakunja suruali, kisha akatangaza kwamba yeye atabaki kulinda viatu. Tukapanda wanne: fundi kwenye usukani, Mama kwenye kiti chake, mimi na mdogo wangu nyuma tumeshikana mikono, sisi ambao hatukuwa tumesemezana tangu asubuhi.

Fundi akavuta kamba. Injini ikaitika mara moja. Tukaondoka, nchi kavu ikaanza kuwa nyembamba, upepo ukatupiga, na mimi nikamwambia mdogo wangu sikioni, "Unaona? Utauza hii?" Naye, masikini, macho yake yalikuwa yanang'aa. Akasema, "Labda pawatila isubiri."

Hapo ndipo kigunzi kilipotoka.

Kilitoka na mlio mdogo, po, kikapita katikati ya miguu yetu kikiwa buluu upande mmoja, na nyuma yake yakaja maji. Tulikitazama. Sote tulikijua, hakuna aliyekuwa mgeni kwake. Fundi alikuwa amekichomoa na kukirudisha jioni zote alizokaa kwetu. Lakini kwetu pale palikuwa mahali pa kutokea lubisi. Hata mmoja wetu, daktari wa boti akiwemo, hakuwahi kufikiri kwamba panapotoka lubisi, ziwa linaweza kuingia.

"Yesu na Maria!" nikapiga kelele. Mdogo wangu akaanza sala ya kutubu kwa sauti, akafika kwenye dhambi moja inayohusu mbegu za mpunga ambayo sikuwa naijua. Fundi aliacha usukani, akavua miwani kwa mara ya kwanza, akaanza kutafuta kizibo chini ya viti, chombo kinazunguka chenyewe kama mbwa anayetafuta mkia.

Mama akainuka. Akapita katikati yetu akishika mabega yetu, akavua kiatu cha kanisani, akakaa sakafuni na kitenge chake cha Jumapili, akaweka kisigino kwenye tundu. Maji yakakoma.

"Mmemaliza kupiga kelele?" akauliza.

 Akamimina ziwani lubisi yote iliyokuwa kwenye kibuyu bila hata kuionja, akampa fundi kibuyu. "Chota maji, baba." Fundi akachota. Injini ilikuwa inanguruma polepole, tumesimama, mbele yetu maji matupu na ng'ambo yake visiwa vimekaa.

Mama alivitazama muda.

"Kisiwa alichokuwa anakaa mume wangu ni kipi?"

Fundi akaonyesha kwa kidevu, mikono ilikuwa na kazi, akimwita mama kwa Kihaya. "Kile pale, Mae. Kile chenye mgongo."

"Kile?"

"Kile."

"Na mtu akitoka huku mwaloni, anafika lini?"

Fundi akajinyoosha. Alikuwa ameaibika, na hapo aliona nafasi ya kurudisha heshima yake. "Kwa injini hii? Mae, ukiinjika ndizi pale mwaloni tukaondoka, tunafika hazijaiva."

"Hazijaiva," Mama akasema.

"Hazijaiva kabisa! Hata zile laini za kwenu."

"Na yeye alikuwa na injini hii hii?"

"Hii hii. Tena wakati huo ikiwa mpya. Mzee alikuwa anaruka, si kwenda."

Mdogo wangu akanitazama, nami nikamtazama. Nilitaka kumziba fundi mdomo kwa gunia. Nilimwona Mama jikoni miaka yote ile, anaweka ndizi motoni, anazifunika kwa majani, anasema leo labda, anaziepua, anatugawia fungu la Baba kwa sababu ziwani ni mbali. Sijui. Labda zamani, enzi za mtumbwi wa makasia, ilikuwa kweli. Labda injini ilifupisha safari na maneno yakabaki na urefu wake. Na labda kule kwenye mgongo ule kulikuwa na jiko lingine. Hakuna aliyewahi kutuambia, na hatukuuliza. Ninachojua ni kwamba pale majini nilimchukia baba yangu, nikamchukia kwa moyo wote, na kaburi lake, kila nikienda, napalilia mimi.

Ndipo nikahisi miguu inalowa tena. Mama alikuwa ameinua kisigino. Alikaa tu, amekishika kifundo cha mguu kwa mikono miwili, anatazama kisiwa, na maji yanaingia.

"Mama! Mguu!"

Hakusikia. Maji yakafika kwenye upindo wa kitenge chake.

"Mama, waitu, tafadhali, mguu!" mdogo wangu akalia kama mtoto.

Akageuka, akatuona. Akarudisha kisigino mahali pake.

"Nilikuwa naunyoosha," akasema. Kisha akasema kwa Kihaya, taratibu, na si kwetu, "Kumbe ni hapo tu." Akavuta kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakisukuma kwenye tundu kwa kidole gumba. "Geuza tukarudi."

Mwaloni alishuka wa kwanza, kiatu kimoja mkononi. Akamwendea moja kwa moja mteja wa kaptura. "Baba, hiyo hapo, chukua. Ina tundu nyuma. Weka kizibo cha kweli, usiweke kigunzi." Mteja akauliza kwa nini chombo kinanukia pombe. Mama akamwambia kitazoea samaki.

Mdogo wangu, aliyeingoja siku hiyo ya kuuza kuliko wote, akasema, "Lakini Mama, si tungeitengeneza tu vizuri? Si ulisema ikitoka..." Hakuweza kumaliza. Mimi nilikuwa nataka kubisha, nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mdomo ule ulikuwa hauna kitu. Mama akamfuta mdogo wangu uso kwa ncha ya kitenge. "Nilidhani ilikuwa inamzuia asije," akasema. "Kumbe boti haikuwa na kosa lolote."

Walikubaliana na mteja pale pale, isipokuwa jambo moja: baba mdogo aligoma kuachia usukani. Alisema ni mali ya kikao. Mteja, mtu mpole, akakubali, kwa kuwa hata hivyo yeye angeishika injini kwa mkono. Fundi akaufungua. Mpaka leo ukoo ukikaa, usukani unatolewa kabatini, anayeongea anaushika, na watu wanainama kwenye kona.

Lori lilikuwa linarudi Kamachumu tupu. Mama akapandishwa mbele, akafunga mkoba wake, kichwa wazi, nywele zake nyeupe zimevurugwa na upepo. Mimi nilikuwa naelekea upande wa pili, gari za Bukoba zinapita barabarani pale juu, nikiwahi nitafungua duka jioni. Nikaenda dirishani kumuaga.

"Mama, nitakuja siku si nyingi," nikamwambia. "Unajua tu, duka, halafu Kashai..."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Lakini nilikuwa nimechelewa.

"Ni mbali," Mama akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemsaidia mwenzake mzigo. "Najua, mwanangu. Ni mbali."

Akageuka kutazama mbele, akimsubiri dereva awashe. Injini ikawaka. Nikafungua mlango.

"Sogea," nikamwambia.

Akasogea, akaupakata mkoba wake, nikapanda.